Mpango wa miaka 20 wa uwanja wa ndege: ombeni ramani ya hatua ya mwisho

Mkuu, umeuliza hivi: uwanja wa ndege wa mkoa wenu unaandaliwa mpango kabambe wa miaka 20, wakazi mmeitwa kwenye mkutano wa kwanza, na mnataka kujua muulize nini zaidi ya fidia na ajira. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa miaka mingi katika mji uliopakana na uwanja wa aina hiyo, baadaye nikakaa kwenye kamati ya wakazi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu mkutano huu wa kwanza ndio wenye nguvu. Mikutano inayofuata mara nyingi mnaitwa kupewa taarifa tu.

Wenye mpango wataanza na makadirio ya abiria na picha ya jengo jipya. Msimalizie muda hapo. Makadirio hubadilika: shirika moja la ndege likihamisha safari zake, tarakimu zote zinaandikwa upya. Mistari ya ramani haifutiki kirahisi namna hiyo. Ikishaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, ndiyo inayoamua nani ataruhusiwa kujenga ghorofa, shule itakaa wapi, kiwanja cha nani kitakosa mnunuzi. Kwa hiyo ombeni ramani inayoonyesha uwanja ukiwa umefika mwisho wa uwezo wake, njia ya kurukia ikiwa imerefushwa kadiri itakavyowahi kurefushwa, hata kama ni jambo la miaka 40 ijayo.

Kwenye mkutano mmoja niliohudhuria, mshauri alionyesha jengo la abiria lenye vioo na miti mbele, ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima akasogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye ramani: "Kisima chetu kiko wapi hapa?" Wakatafuta. Kilikuwa ndani ya eneo la usalama la mwisho wa njia ya kurukia, yaani ardhi inayoachwa wazi kwa ajili ya ndege itakayopitiliza, na tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amelitaja eneo hilo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), njia kubwa ya kurukia huongezewa mita 60 za ukanda baada ya mwisho wake, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90, na linalopendekezwa ni mita 240. Njia ikirefushwa, hayo yote yanasogea nayo. Ukiambiwa "tunaongeza mita 500 tu", uliza mwisho wa eneo la usalama utaangukia wapi.

Urefu wa majengo nao una hesabu yake. Kwenye njia kubwa yenye mitambo ya kuongoza ndege kutua, anga inayolindwa, ambayo jengo wala mti havitakiwi kuingia, huanza chini karibu na njia na hupanda kadiri unavyokwenda mbali kwa asilimia 2, yaani mita 1 kwa kila mita 50. Nusu kilomita kutoka inapoanzia, kikomo ni mita 10 tu juu ya usawa wa mwisho wa njia. Kama ardhi yenu ina mwinuko, mti wa kawaida unaweza kuvunja kikomo hicho.

Sasa kelele, na hapa naomba muwe makini kuliko kwingine kote. Ramani ya kelele huwa na mistari inayopita mahali penye desibeli sawa, na huonyesha wastani wa mwaka mzima. Ulaya, kelele za jioni huongezewa desibeli 5 na za usiku 10 kabla ya kupiga wastani. Marekani huongeza 10 za usiku. Kwa namna desibeli zinavyohesabiwa, nyongeza ya 10 maana yake ndege moja ya usiku inabeba uzito wa ndege 10 za mchana. Ndiyo maana suala la ndege za mizigo za saa nane usiku ni kubwa kuliko suala la abiria, na bado nimeona ripoti nene zikilitengea aya moja. Ulizeni ramani imechorwa kwa kudhani ndege ngapi za usiku, na dhana hiyo iandikwe kama masharti.

Halafu ulizeni mstari wa nje umeishia desibeli ngapi. Marekani mstari unaotumika kwa makazi ni 65. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya unapendekeza kelele za ndege zisizidi 45 kwa wastani wa siku nzima, na 40 usiku. Namna ya kupima ya Marekani na ya Ulaya si sawasawa kabisa lakini zinakaribiana, na kati ya mstari wa 65 na wa 45 kuna mitaa mizima ambayo kwenye ramani moja imeathirika na kwenye nyingine haimo.

Wastani pia unaficha. Mwalimu aliye chini ya njia ya kupaa hausikii wastani. Anasikia ndege moja, ananyamaza na chaki mkononi mpaka ipite, kisha anaanza sentensi upya. Australia wamezoea kutoa kipimo kinachomfaa mwalimu huyo: ndege ngapi kwa siku zitazidi desibeli 70 mahali fulani. Kidaini kwa kila shule na zahanati.

Msikubali pia kuambiwa kwamba kelele ni suala la ndege mpya zenye utulivu. Tangu 2001 ICAO inataka mambo manne yapimwe pamoja: chanzo cha kelele, matumizi ya ardhi, namna ndege zinavyorushwa na kutua, na vizuizi vya safari, ambavyo havitakiwi kuwa chaguo la kwanza. Matumizi ya ardhi yako mikononi mwa mamlaka za mji wenu. Kama zinaendelea kutoa vibali vya nyumba chini ya njia ya kupaa, mpango wa uwanja hautawasaidia.

Kuhusu ardhi inayotengwa: Kanada mwaka 1969 ilitwaa takriban hekta 39,000 kwa ajili ya uwanja wa Mirabel, karibu na Montréal. Ulifunguliwa 1975, safari za abiria zikakoma 2004, na sehemu kubwa ya ardhi ilirudishwa. Japani, uwanja wa Narita, karibu na Tokyo, uliamuliwa 1966 bila kuwashirikisha wakulima. Njia ya pili ilifunguliwa 2002 ikiwa na mita 2,180 badala ya 2,500 kwa sababu wenye mashamba walikataa kuhama, na mita 2,500 zikafikiwa 2009. Mmoja alichukua kupita kiasi, mwingine hakuuliza. Kwenu hatari kubwa nadhani ni ya kimyakimya zaidi: ardhi inayotengwa bila kununuliwa. Nimeona familia zisizoruhusiwa kuongeza chumba, zisizopata mnunuzi, na zisizolipwa chochote. Daini tarehe ya kikomo, ama inunuliwe ama iachiwe, na mwenye ardhi awe na haki ya kudai inunuliwe kabla ya hapo.

Maji ya mvua yanasahaulika. Njia ya mita 2,500 kwa 45 ikipata mvua ya milimita 50 inamwaga lita zaidi ya milioni 5.6, bila kuhesabu maegesho. Mfereji unaelekea kwa nani?

Mwisho, kila hatua ya ujenzi ifungwe kwenye idadi ya abiria au safari zilizofikiwa, mwaka wa kalenda usitoshe, na mpango upitiwe upya kila baada ya miaka 5 kamati yenu ikiwa mezani. Mkipata nakala, piga picha ukurasa wa mistari ya kelele ya hatua ya mwisho uuweke hapa. Tutausoma pamoja kabla ya mkutano.