Maswali yenu kuhusu Yoshii, mrushaji aliyegeuka kocha

Wiki mbili zilizopita nilimtaja Masato Yoshii kwa mistari minne tu, nikizungumzia makocha wanaouliza kuliko kuamuru. Nilidhani habari za Mjapani wa besiboli zitapita kimya kimya. Wapi! Barua zimekuja nyingi kuliko zile za siku niliyomsema vibaya mwamuzi wa mechi ya watani. Haya, tuanze.

Mwandishi, wengine hata besiboli yenyewe hatuijui. Mrushaji kazi yake nini, na kwa nini awe na kocha wake peke yake? (Msomaji, Tanga)

Mrushaji husimama kwenye kijilima katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji aliye umbali wa mita 18.44. Kila mpigo wa mchezo huanzia mkononi mwake. Mechi ina awamu 9, na katika kila awamu timu zinapokezana kupiga na kulinda. Mrushaji anayeanza hutupa mipira kama 100, halafu Japani kwa desturi anapumzika karibu wiki nzima. Ndiyo maana timu inabeba warushaji wengi, na lazima awepo mtu wa kujua nani bega limechoka, nani amepoteza imani, nani aingie dakika hii. Mfikirie kocha wa makipa, ila huyu ana makipa kumi na zaidi, na mechi nyingi huamuliwa na chaguo lake.

Alikuwa nyota kweli, au ni wale wanaofundisha wasichokiweza? (Msomaji, Mwanza)

Alikuwa mzuri, hakuwa mungu. Alizaliwa 1965 mkoani Wakayama, akasoma sekondari ya Minoshima, shule yenye jina kubwa katika besiboli, kisha Kintetsu Buffaloes wakamchukua mwishoni mwa 1983. Walimfanya mrushaji wa mwisho, yule anayeingizwa timu ikiongoza ili alinde ushindi. Mwaka 1988 alishinda mechi 10, akapoteza 2, na kulinda ushindi mara 24.

Mwaka huohuo ndio wenye kidonda. Oktoba 19 Kintetsu walikwenda Kawasaki kucheza mechi mbili siku moja dhidi ya Lotte, na ili watwae ligi walitakiwa washinde zote mbili. Ya kwanza wakashinda 4-3. Ya pili ikaenda 4-4, na sheria ya wakati huo ilikataza kuanza awamu mpya baada ya saa nne za mchezo. Sare. Ubingwa ukaenda kwa Seibu waliokuwa wamekaa wakisubiri. Yoshii, kijana wa miaka 23, alirusha siku hiyo. Wajapani wa rika lake hawaitaji mechi hiyo kwa majina ya timu. Wanataja tarehe tu na mtu anaelewa. Mwaka uliofuata Kintetsu wakatwaa ligi, lakini waulize mashabiki wao wanaikumbuka siku ipi.

Mwaka 1995 alibadilishwa kwenda Yakult Swallows, chini ya Katsuya Nomura, kocha mkuu aliyesifika kwa kuwafufua wachezaji ambao timu nyingine zilishawachoka. Huko akawa mrushaji wa kuanza, akashinda mechi 10, 10 na 13 katika misimu mitatu, na Yakult wakawa mabingwa wa Japani mara mbili, 1995 na 1997.

Kwa nini aliondoka wakati mambo yamemnyookea? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu mkataba wake uliisha na alikuwa na haki ya kuchagua. Hideo Nomo, aliyewahi kucheza naye Kintetsu, alikwenda Marekani 1995 kwa kupitia mwanya wa kanuni. Yoshii alikuwa Mjapani wa kwanza kuitumia haki ya mchezaji huru kwenda ligi kuu ya Marekani. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wengi huanza kuhesabu akiba.

Huko New York Mets, timu aliyojiunga nayo, ndiko lilikotokea jambo lililonifanya nimwandike. Anasimulia kwamba alipofika kambini alimwendea kocha wa warushaji, Bob Apodaca, akitarajia kufundishwa kama alivyozoea kwao. Apodaca akamwambia kwamba hapa hakuna anayeujua urushaji wako kukuzidi wewe; basi nifundishe mimi kwanza, kisha tuamue pamoja la kufanya. Yoshii alishangaa. Katika miaka yote ya Japani alikuwa amekutana na makocha waliokuja na jibu kabla ya kumtazama, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwapenda. Alikuwa mchezaji mwenye hasira za karibu, si wa kusema ndiyo bwana.

Sina hakika kama Apodaca alijua alichokipanda siku hiyo. Lakini ukifuatilia kazi ya Yoshii ya ukocha, karibu kila kitu kinarudi kwenye mazungumzo hayo.

Alifanikiwa Marekani? (Msomaji, Dodoma)

Nusu nusu. Mwaka 1999 alishinda mechi 12 na kupoteza 8, na Mets walimkabidhi mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Arizona, akipambana na Randy Johnson, mmoja wa warushaji wa kuogopwa kuliko wote. Mets walishinda 8-4.

Mwaka uliofuata akapelekwa Colorado Rockies, na hapo ndipo jahazi lilipokwenda mrama: ushindi 6, vipigo 15. Nimtetee kidogo. Uwanja wa Denver uko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira uliopigwa unasafiri mbali zaidi, na mpira uliorushwa haupindi inavyotakiwa. (Wa Nairobi msinicheke, ninyi mko juu zaidi.) Akamalizia Montreal Expos, 2001 na 2002. Jumla ya Marekani: ushindi 32, vipigo 47.

Alirudi Japani kwa Orix na akaendelea kurusha hadi 2007, akiwa na miaka 42. Timu yake ya mwisho ilikuwa Lotte, ambako kocha mkuu alikuwa Bobby Valentine, yuleyule aliyemwongoza Mets. Dunia ya besiboli ni kama mtaa, mtu unayeagana naye leo utamkuta kesho dukani.

Ukocha aliusomea? (Msomaji, Bujumbura)

Aliusomea, tena akiwa ameshafanya kazi hiyo miaka mitano. Alianza Nippon-Ham Fighters 2008, enzi za mrushaji nyota Yu Darvish, akakaa hadi 2012. Mwaka 2014 akaingia darasani Chuo Kikuu cha Tsukuba, akatoka na shahada ya uzamili katika masuala ya michezo. Alikuwa amekaribia miaka 50. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa medali. Mchezaji wa zamani mwenye jina Japani hahitaji cheti ili apate kazi, jina linatosha.

Na kazini, angalia: 2015 yuko na SoftBank Hawks, mabingwa wa Japani. 2016 amerudi Nippon-Ham, mabingwa tena, na Shohei Ohtani akirusha mpira wa kilomita 165 kwa saa. Sisemi yeye ndiye aliyeleta vikombe hivyo, Ohtani angemfanya hata jirani yangu aonekane kocha. Lakini timu zenye vipaji vya namna hiyo ziliendelea kumwita.

Shikamoo mzee. Nafundisha vijana wa miaka 14 mpira wa miguu. Nimejaribu hiyo ya kuuliza maswali, wananitazama tu au wanacheka. (Kocha, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kwanza, Yoshii alikuwa anawauliza watu wazima wanaolipwa. Na hata yeye huwapanga wachezaji kwa viwango: anayeanza anafundishwa mbinu waziwazi, na maswali yanaongezeka kadiri anavyokomaa. Kumuuliza mtoto asiyejua kupiga pasi anaonaje pasi yake ni kumwonea.

Pili, maswali yake si ya kufikirika. Baada ya mechi, mrushaji kijana hujipa alama kati ya 100, kisha anaeleza kipi kilikwenda vizuri, kipi kilikwenda vibaya, na angerudia angefanya nini tofauti. Basi. Kocha anasikiliza na kuchimba palipo na jibu la juujuu. Huanza na kizuri, na hilo si adabu tu: mchezaji aliyetoka kufungwa ukimwanzishia na kibaya, hatakwambia kitu. Jaribu na watatu wakubwa kwanza, faragha, bila wenzao. Kicheko kitaisha. Uniandikie tena.

Nilisikia kijana mmoja wa Lotte alitolewa akiwa hajaguswa na mtu. Huo si ukatili? (Msomaji, Mombasa)

Huyo ni Roki Sasaki. Sasaki alitoka Iwate, pwani iliyopigwa na tsunami ya 2011, iliyomchukua baba yake pamoja na babu na bibi. Alikuwa tayari anarusha kilomita 163 kwa saa akiwa sekondari. Alipojiunga na Lotte 2020, Yoshii akiwa kocha wa warushaji, kijana huyo hakucheza mechi rasmi hata moja mwaka mzima, hata za timu ya pili. Mashabiki walinung'unika: tumenunua gari la kuegesha? Lakini mwili wake ulikuwa bado haujaimarika kuibeba kasi ile, na kiwiko kikichanika ni upasuaji na zaidi ya mwaka mmoja nje. Aliingia uwanjani na timu ya kwanza Mei 2021.

Aprili 10, 2022, akiwa na miaka 20, akawarushia Orix mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza, pale mpigaji anapoanzia safari ya kutafuta pointi. Jambo hilo halikuwa limeonekana Japani tangu 1994. Wapigaji 19 aliwatoa kwa kuwakosesha mpira, wakiwemo 13 mfululizo, ambayo ni rekodi, na mdakaji wake, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, alikuwa na miaka 18.

Wiki moja baadaye ndiyo hiyo unayoisema. Awamu 8, mipira 102, hakuna aliyefika kituo, matokeo 0-0. Kocha mkuu Tadahito Iguchi akamtoa. Lotte wakafungwa 1-0 katika awamu ya 10, ya nyongeza. Mwaka huo Yoshii alikuwa mratibu wa warushaji, na uamuzi wa siku ile haukuwa wake, ila unafanana kabisa na mpango aliouanzisha. Ukatili? Mimi ningetamani nimwone akimaliza, nakubali. Ila bega ni la kijana, si la mimi mwenye tiketi.

Na kombe la dunia? (Msomaji, Muscat)

Mwaka 2023 alikuwa kocha wa warushaji wa Japani iliyoshinda mechi zote 7. Fainali ya Miami dhidi ya Marekani walitumia warushaji 7, kila mmoja awamu moja isipokuwa wawili wa kwanza, waliotupa mbili mbili. Darvish akaingia wa sita, Ohtani wa mwisho, 3-2. Wawili hao aliwahi kuwalea Nippon-Ham.

Kama ni hodari hivyo, mbona Lotte walishika mkia? (Msomaji, Arusha, "asiyeshawishika")

Umenibana. Alikuwa kocha mkuu wa Lotte kuanzia 2023: nafasi ya pili, kisha ya tatu, kisha 2025 ya mwisho kati ya timu sita, akaondoka. Sasaki alikuwa ameshakwenda Los Angeles Dodgers, lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo peke yake. Kocha wa warushaji ana muda wa kukaa na mtu mmoja hadi aongee. Kocha mkuu ana wachezaji wote, waandishi wa habari kila jioni, na uamuzi unaotakiwa ndani ya sekunde chache. Njia ya Yoshii inahitaji subira, na jedwali la ligi halina. Nadhani alikuwa kocha wa warushaji bora kuliko kocha mkuu.

Tanzania inachezwa? (Msomaji, Lindi)

Inachezwa, hasa mashuleni, kwa msaada wa Wajapani. Mashindano yake yamepewa jina la Koshien, uwanja ambako vijana wa sekondari wa Japani hucheza ile michuano yao mikubwa.

Uliandika kuwa Yoshii alichezea Mets 1997. Si kweli. (Msomaji, Zanzibar)

Si kweli, na ahsante. 1997 alikuwa bado Yakult. Mechi yake ya kwanza Mets ni ya Aprili 1998 dhidi ya Pittsburgh: awamu 7, hakuruhusu hata pointi moja.