Mgeni wa Kaskazi Hapewi Pilau

Maswali ya jikoni kutoka kwa wasomaji

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Mume wangu ana tabia ya kualika. Jumamosi baada ya laasiri anapiga simu: “Nakuja na jamaa, wanane hivi, tufanyie kitu chepesi.” Kitu chepesi kwake ni pilau ya nyama. Nyumba yetu ni ya bati tupu, na joto hili la Januari nikitoka jikoni nguo zote zimeniganda mwilini. Wenzangu wanacheka barazani, mimi nakaanga vitunguu. Nipike nini kwa vitu vilivyojaa sokoni sasa, nami nipate kukaa na wageni wangu?
Mke wa mwalikaji, Mpendae

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Pilau iache. Pilau ina siku zake, na siku zake ni harusi na baridi ya kipupwe. Mtu aliyeshinda na jua la kaskazi, msimu huu wa joto, utosini hataki samli. Anataka kichachu, kikali, kilichopoa, na samaki pembeni. Na hivyo vyote msimu umeshakuletea: embe zimejaa Darajani na Mwanakwerekwe mpaka zinamwagwa chini kwa mafungu, na bahari haina zile hasira za pepo za kusi.

Sasa skiza. Kuchoma ni kazi ya aliyealika. Seredani itoke uani, mkaa uwashwe, yeye na jamaa zake wasimame hapo na vipepeo. Wanaume wakishika koleo la moto hujiona wapishi wakuu, nawe usiwakatishe tamaa.

Chukua changu au kolekole wa kiasi. Mpasue mgongoni afunguke, kichwa kibaki, umchanje. Twanga thomu na tangawizi mbichi, tia chumvi, pilipili manga na ndimu, umpake ndani na nje. Nusu saa inatosha. Ukimlaza kwenye ndimu tangu adhuhuri nyama inapauka na kulegea, akifika kwenye wavu anabaki huko vipande vipande.

Wakati amelala, tengeneza tui la kupaka. Ukune nazi mbili, utoe tui la kwanza tu, zito. Tia manjano kidogo, chumvi, thomu, pilipili mbuzi moja nzima isipasuke, na embe mbichi uliyoiparuza, ngumi moja hivi. Weka motoni ukoroge bila kuacha, maana tui likiachwa peke yake hukatika likawa mafuta na maji. Likishaganda kwenye mwiko, epua. Hiyo ndiyo kazi pekee ya moto itakayokuweka jikoni wageni wakiwa wamefika, na ni ya muda mfupi. Mwambie mumeo asimpake samaki tui mpaka awe amekaribia kuiva. Tui likitangulia linaungua, samaki bado mbichi ndani, na lawama utapewa wewe.

Kachumbari ndiyo roho ya sinia hili, kwa hiyo usiifanye kwa mazoea. Tafuta embe changa, ile ambayo kisu bado kinapita kwenye kokwa. Menya, kata vijiti vyembamba. Kitunguu maji kikate, kikande na chumvi, kisuuze mpaka ukali uondoke. Tango, pilipili mbichi, kotmiri nyingi. Tungule moja inatosha, maana siku hizi watu wanatia tungule sita wanapata supu. Ndimu huihitaji, embe imeshafanya kazi yake. Kila kitu kikae mbali mbali, na chumvi itiwe wageni wakiwa wameshanawa, kwani chumvi hutoa maji.

Cha kushibisha, kwa kuwa Jumamosi zake unazijua, chemsha muhogo mchana kabla hajapiga simu, uyamwage maji yake mapema usije ukavunjika. Samaki wakitoka motoni, muhogo ndio unapanda juu ya makaa yaliyobaki, ubabuke kidogo. Ukipata shelisheli ni bora zaidi: lichome zima, limenywe ganda jeusi, likatwe mbele ya watu. Hukupata kimoja wala kingine, mtoto akimbie kununua mkate wa ajemi. Hakuna aibu.

Ukwaju uroweke asubuhi, uuchuje, utie sukari na tangawizi, uweke friji. Matunda yasikatwekatwe sana. Bolibo zilale kwenye maji ya barafu, shokishoki zimwagwe kwenye chano, kila mtu amenye mwenyewe. Doriani kama lipo lifunguliwe uani na liliwe uani. Ukiliingiza kwenye friji mtakunywa maji ya doriani mpaka mwezi uandame.

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi vijana tunakutana kwetu kila Ijumaa jioni kula urojo wa kupika wenyewe. Kuna ugomvi: mmoja anasema uchachu wa urojo ni ukwaju, mwengine anasema ni ndimu, mimi nasema embe. Na wetu huwa na madonge. Tuamue.
Kijana wa Wete

JIBU: Marahaba. Na mimi ni mtu wa Wete, kwa hiyo usitegemee haki. Kaskazi ni embe. Ukwaju una rangi ya kutia kiza, unaizima ile manjano. Ndimu ikipikwa huleta uchungu. Embe mbichi huchachusha na kulainisha pamoja. Msimu ukiisha, rudini kwenye ukwaju na mtakuwa hamjakosea.

Madonge yanatokana na haraka. Chemsha maji na vipande vya embe, manjano na chumvi mpaka embe ivurugike, kisha chuja. Unga wa ngano ukoroge pembeni kwa maji baridi, baridi kweli, mpaka uwe uji mwepesi usio na hata punje. Ndipo uumimine kwenye sufuria kidogo kidogo, mkono wa pili unakoroga. Moto mdogo, mpaka harufu ya unga iishe. Uwe mwepesi, kwani ukipoa utajikaza wenyewe.

Viazi, bajia za dengu, kachori, mishkaki na chipsi za muhogo mnajua. Ninachowasisitiza ni chatini ya nazi. Kwa joto hili, nazi iliyokunwa mchana ikifika magharibi imeanza kuchacha, na si ule uchachu tunaoutaka. Ikuneni mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshakaa. Na yule anayetia tomato ya chupa, mwambieni Bibi amesikia.

SWALI: Bibi, niko London. Kiangazi cha hapa ni Julai, nyumbani huko ni kipupwe na machungwa. Nataka kuwaalika majirani bustanini, chakula cha kwetu, lakini kwa vitu vya hapa. Embe mbichi nitatoa wapi?
Mpemba wa ugenini

JIBU: Maduka ya Wahindi ya Southall au Green Street huwa nazo. Lakini umesema vitu vya huko, basi chukua maepo machachu ya kupikia, yale wanayoyaita Bramley. Yakate vijiti kama embe, uyatie ndimu upesi yasiwe meusi. Tango na kotmiri utapata kila mahali, na tungule za huko kiangazi ndiyo zina ladha, kwa hiyo kanuni yangu ya tungule moja nakusamehe.

Samaki mtafute mackerel. Ni jamaa wa vibua vyetu, na majira hayo anavuliwa kwa wingi pwani za Uingereza. Ana mafuta mengi, kwa hiyo tui la kupaka litamzidi. Mchanje, umpake ukwaju, thomu, pilipili na chumvi, umtie kwenye makaa. Mafuta yake yatadondoka na kuwasha moto, kaa karibu na maji ya kunyunyiza.

Tui la kopo litumie kwenye mahindi. Chemsha mahindi yaliyokatwa vipande pamoja na magunzi yake kwenye tui jepesi na chumvi mpaka tui likauke yakabaki yamepakika. Majirani watakuuliza ni nini. Waambie wale kwa mikono, na uwawekee maji ya kunawa.