Uzi wa plagi ukifa: kwa fundi anayeanza

Mdogo wangu unayeingia gereji, kazi ya kubadilisha plagi za injini, zile zinazowasha mafuta kwa cheche, utapewa mapema kwa sababu inaonekana nyepesi. Ni nyepesi kweli, mpaka siku soketi itakapozunguka bila kukaza. Ujue hapo uzi, ile mikato ya kuzungushia plagi, umekufa, na hedi ya aluminiamu, kichwa cha injini plagi inapofungwa, haitaki kubahatisha.

Hapa Dodoma adui wa kwanza ni vumbi. Kiangazi chetu ni kirefu, upepo hautulii, na gari lililotoka vijijini Kondoa au Chamwino linakuja na mchanga umejaa kwenye visima vya plagi, chini ya koili zinazoipa plagi umeme. Ukifungua plagi bila kupuliza, mchanga mwingine unaingia kwenye silinda na mwingine unabaki kwenye uzi, halafu plagi mpya inausaga. Toa koili, legeza plagi kidogo tu, puliza kwa kompresa, ndipo umalizie kuifungua. Injini iwe imepoa. Mwenye gari atakuharakisha kwamba anawahi Singida; mwombe kwa adabu asubiri kivulini, kwa sababu ukiifungua aluminiamu ikiwa ya moto, uzi unang'oka kirahisi.

Uharibifu mwingi hutokea wakati wa kurudisha. Mimi nachomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi na kuizungusha kwa vidole. Kwanza nairudisha nyuma, kinyume cha kukaza, mpaka nisikie imedondoka kidogo mahali pake, kisha ndiyo nakaza. Ikiingia upande, mpira unateleza mkononi kabla uzi haujaumia. Spana haikupi onyo hilo, kwa hiyo usiishike mpaka plagi imekaa chini kwa mkono. Plagi mpya ya uzi wa milimita 14 yenye washa (pete ya kuzibia), baada ya kukaa, iongeze nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Ukiwa na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kawaida ni Nm 25 hadi 30 kwenye aluminiamu, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Usipake grisi kwenye uzi wa plagi. Inateleza, nawe unakaza kupita kiasi bila kujua.

Sasa tuseme uzi umeshakufa. Itazame plagi uliyotoa. Ukiona aluminiamu imeng'ang'ania kwenye uzi wake, ujue uzi wa hedi umetoka nayo. Kama zimeumia duara za juu tu, pitisha tepu (chuma cha kukatia uzi) ya kusafishia ya M14 × 1.25, yaani kipenyo milimita 14 na hatua ya uzi milimita 1.25, kipimo cha plagi nyingi, ingawa zipo injini za milimita 12. Pima kwanza.

Uzi ukiwa umeisha wote, unaweka bushi, yaani kipande chenye uzi mpya kinachokaa ndani ya tundu. Ipo ya waya uliojiviringisha kama springi, na ipo bushi nzima yenye uzi ndani na nje. Kwa tundu la plagi nachagua bushi nzima hata kama bei imezidi, kwa sababu ile ya waya inaweza kutoka pamoja na plagi siku ya kufungua.

Kabla ya kukata kwa tepu uzi wa kukalia bushi, shusha pistoni ili tepu isiiguse, na valvu za silinda hiyo ziwe zimefunga. Jaza grisi nzito kwenye mifereji ya tepu ili ishike chenga za aluminiamu zinazokatwa. Zungusha nusu, rudisha robo, itoe, ifute, paka grisi upya, endelea. Utachoka, lakini usiruke hata mara moja: chenga iliyobaki ndani itachora ukuta wa silinda. Tazama unyoofu wa tepu kutoka pande mbili, kwa sababu ikilala kidogo tu, plagi haitakalia washa yake sawasawa. Kama kisima ni kirefu na huoni vizuri, vua hedi umpelekee fundi wa mashine. Hakuna aibu katika hilo.

Bushi isitokeze kwenye chumba cha moto. Ncha inayoning'inia mle huwa nyekundu na kuwasha mafuta kabla ya wakati wake. Ukimaliza, nyonya chenga kwa mrija mwembamba, chomoa soketi za injekta na koili, kisha piga stata tundu likiwa wazi huku umesimama pembeni.

Gundi ya chuma, sili tepu na kupigilia kwa nyundo, kataa hata bosi akisema gari liondoke leo. Plagi hupitisha joto lake kwenye hedi kupitia uzi na kikalio. Ukiweka gundi hapo, joto linakosa njia, plagi inaungua, na siku moja itachomoka ikirusha koili, pengine gari likiwa Manyoni usiku na watoto ndani.

Mwambie mwenye gari kabla hujaanza kukata, umwonyeshe tundu kwa tochi. Ukishamaliza, andika kwenye kibandiko chini ya boneti ni silinda ya ngapi imewekwa bushi na ya kipimo gani, ili fundi atakayefuata ailegeze taratibu.