Mita ya leza na bodaboda inayokimbia

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Ninasoma umeme, mwaka wa pili. Kwenye projekti yangu nataka kupima umbali na mwendo wa bodaboda zinazokaribia kivuko cha shule. Nimeazima mita ya leza ya mafundi ujenzi. Ukutani inapima safi, lakini nikiielekeza kwa bodaboda inakataa, inaandika "Error". Je, ni kweli leza haipimi kitu kinachotembea?

JIBU: Marahaba. Inapima, na tochi za leza za trafiki zinafanya kazi hiyo kila siku. Mwanga hauna kosa hapa. Bodaboda ikiwa mita 100 mbele yako, mwale huenda na kurudi kwa nanosekunde 667 hivi. Hata ikikimbia kilomita 60 kwa saa, ndani ya muda huo inasogea kama sehemu moja ya mia ya milimita.

Mwenye haraka ndogo ni hicho kifaa chako. Mita nyingi za ujenzi hutoa mwale mfululizo unaopandishwa na kushushwa nguvu, kisha hulinganisha wimbi lililotoka na lililorudi. Ili zifikie usahihi wa milimita, hukusanya vipimo kwa muda, pengine nusu sekunde au zaidi, na kutafuta wastani. Kwa nusu sekunde bodaboda yako imeshakula mita 8. Vipimo vinagongana, kifaa kinagoma. Mimi nakisifu: heri kigome kuliko kukupa namba ya uongo.

Tochi ya trafiki hurusha mapigo ya mwanga mafupi mno, kila pigo likileta umbali wake. Mapigo mengi ya namna hiyo huingia ndani ya theluthi ya sekunde, na mwendo hupatikana kwa kuangalia umbali unavyopungua.

Kwa hiyo tafuta sensa (kihisi) ya leza inayounganishwa na Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia, na kutoa vipimo 100 kwa sekunde. Za bei nafuu hufika mita 8 hadi 12, na jua la mchana huzipunguzia. Zipo za mita 40 kwa bei ya juu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: wanatoa kipimo kimoja kutoka kwa kinachofuata, wanaita mwendo. Sensa ikikosea sentimita 2 tu katika sehemu moja ya mia ya sekunde, hilo ni kosa la kilomita 7.2 kwa saa! Chukua vipimo 30 mfululizo, vichore kwenye grafu ya umbali na muda, pitisha mstari katikati yake, usome mteremko wa mstari huo. Kosa litashuka chini ya kilomita 1 kwa saa.

Angalia pia pembe. Ukiwa mita 3 kando ya njia ya bodaboda, na mwale una urefu wa mita 5, mwendo wa 60 utasomeka 48. Ifunge sensa karibu na mstari wa njia ya bodaboda, au ugawanye mwendo uliosomeka kwa kosaini ya pembe kati ya mwale na njia hiyo. Ilenge taa ya mbele au kibao cha namba, maana mwale ukiteleza kutoka taa hadi kifua cha dereva, umbali unaruka na mwendo unaharibika. Na ile nukta nyekundu ya mita ya fundi, usimmulikie dereva machoni.