Enaji nne kwa usiku mmoja: yaliyonikuta njia ya Tunduma

Mkuu, umeuliza kama enaji nne (vile vinywaji vya kuongeza nguvu) kwa usiku zina madhara kwa dereva asiye na ugonjwa wowote, maana bila hizo hufiki Tunduma. Nimeendesha lori njia hiyohiyo miaka kumi na moja. Zina madhara, na mimi yalinikuta.

Usiku ule nilikuwa nimemaliza tatu za nusu lita kabla ya Mikumi. Ruaha Mbuyuni nikaongeza kahawa vikombe viwili, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kinagonga, nikameza vidonge viwili vya maumivu. Tulipomaliza kupanda Kitonga moyo ukaanza kwenda mbio, unaruka pigo, halafu unadunda kwa nguvu mpaka nausikia kooni. Mikono ilitetemeka hata funguo zikanidondoka. Utingo wangu, Mungu ambariki, alisimamisha gari dogo likatupeleka hospitali Iringa.

Daktari alinipima moyo kwa mashine, kisha akataka nitaje kila nilichotia mdomoni tangu jioni. Nilipotoa karatasi ya vidonge mfukoni akanionyesha maandishi madogo: kila kidonge, kafeini (kile kichangamshi cha kwenye kahawa na enaji) miligramu 65. Nilikuwa navimeza kila safari na sijawahi kuyasoma.

Piga hesabu. Kopo la enaji la nusu lita mara nyingi lina kafeini miligramu 160. Matatu ni 480, vidonge 130, jumla 610, na kahawa bado sijaihesabu. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asipite 400 kwa siku nzima. Mjamzito, 200.

Tena kafeini haiondoi uchovu. Unavyozidi kukesha, ubongo unarundika adenosini, kemikali inayokuletea usingizi. Kafeini inakalia nafasi yake tu, lakini mrundikano unaendelea. Ikiisha nguvu, usingizi wote unakushukia kwa mkupuo, pengine uko mteremkoni na mzigo nyuma. Na haitoki upesi: baada ya saa tano hivi, nusu bado imo mwilini. Ndiyo maana ukifika unajilaza mchana na usingizi haupati, jioni unafungua kopo jingine.

Usiache ghafla, kichwa kitakuuma siku kadhaa. Mimi nilipunguza kopo moja kila wiki. Sasa nakunywa kikombe kimoja cha kahawa, macho yakizidiwa naegesha pa salama nalala. Ukisikia kifua kinabana au moyo unaruka mapigo, usimalizie safari, tafuta hospitali usiku huohuo.

Hayo makopo yako geuza usome nyuma, uniandikie hapa miligramu na ujazo wake, tupige hesabu pamoja.