Riwaya ya picha juu ya mzazi aliyefiwa: anzia pale mikeka inapokunjwa

Ukitaka kuchora riwaya ya picha juu ya mzazi aliyefiwa na mtoto, jambo la kwanza ni kupunguza mazishi. Wachoraji wengi hufanya kinyume: kurasa ishirini za kilio, jeneza na kaburi, kisha kurasa nne za kupona. Msomaji wa Kigoma amekaa misibani tangu utotoni. Anajua turubai linavyofungwa, wanaume wanakaa wapi na wanawake wapi, na nani anashika daftari la rambirambi. Asichokiona ni nyumba ile wiki ya sita, wageni wakishapanda basi la Kasulu au treni ya Tabora, simu imenyamaza, na shuka la mtoto bado halijafuliwa kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kitabu chako kiko hapo.

Kwa kitabu cha kurasa 64, nashauri mgawo huu: kurasa 8 mtoto akiwa hai, 2 za habari kufika, 3 za mazishi, 5 za matanga mpaka kuanua. Zinabaki 46, na zote ni za baada ya watu kuondoka. Zile 8 za mwanzo usizipunguze hata ukibanwa. Msomaji hawezi kumkosa mtu asiyemfahamu. Mpe mtoto mambo matatu tu: kitu anachokishika kila mara, namna yake ya kukaa, na neno analopenda kulirudia. Baadaye yachore hayo matatu bila mtoto mwenyewe: ndoo ndogo imeegeshwa ukutani, kigoda hakina mtu, mdogo wake analitamka lile neno bila kujua amefanya nini. Usiyatoe yote kwenye ukurasa mmoja. Yaachanishe kwa kurasa kumi kumi.

Halafu kuna suala la mpangilio. Usigawe sura kwa zile hatua tano za huzuni zinazozunguka mitandaoni: kukana, hasira, kujadiliana, unyong'onyevu, kukubali. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si wazazi waliofiwa. Ukizifuata utapata kitabu kinachopanda ngazi, na mzazi yeyote aliyezika atakifunga. Maelezo yanayomfaa zaidi mchoraji ni ya watafiti wa huzuni Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko ndani ya uchungu, saa ijayo anahangaika na ada, mafuta na nyavu, kisha anarudi tena. Kwenye karatasi hilo ni rahisi kulipanga. Chukua kurasa zako 46, weka alama ya duara kwenye kila ukurasa wa uchungu na msalaba kwenye kila ukurasa wa maisha ya kila siku. Ukiona maduara yote yamejazana mwanzoni na misalaba yote mwishoni, panga upya. Yanatakiwa kuchanganyikana mpaka mwisho, maduara yakizidi kuachana.

Muda wa hadithi nao usiishie arobaini. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11, huihesabu huzuni kuwa maradhi pale tu inapopita miezi 6 ikiwa kali kuliko desturi za jamii ya mfiwa zinavyotarajia, na imeshavuruga maisha yake. Kwa hiyo baba anayelia mwezi wa nne si mgonjwa, na usimponye kwa miujiza ukurasa wa 40 ili upate mwisho mzuri. Ipe hadithi mwaka mzima au zaidi, sikukuu zote zipite mara moja bila mtoto.

Tuchukue mfano wa familia ya Kibirizi, mwalo wa wavuvi mjini Kigoma: baba mvuvi wa dagaa, mama, watoto watatu, na binti wa miaka 8 ndiye anayefariki. Kishawishi ni kuchora machozi. Yaepuke kadiri uwezavyo, kwa sababu machozi ya wino kwenye fremu ya sentimita sita huonekana kama vidoa, na msomaji akishayaona mara tatu hayamgusi tena. Chora mikono. Mama anasonga ugali wa muhogo. Gawa ukurasa fremu sita zilizolingana. Ya kwanza, mkono ndani ya ndoo ya unga. Ya pili, kopo la kwanza linamiminwa. Ya tatu, kopo la pili. Ya nne, kopo la tatu liko hewani juu ya sufuria. Ya tano ni ileile ya nne, mstari kwa mstari, mvuke peke yake ndio umebadilika. Ya sita, kopo limerudishwa na kifuniko cha ndoo kinafungwa. Hakuna uso, hakuna neno. Fremu ya tano ndiyo kazi yote, na ndiyo wachoraji wanayoiruka kwa kudhani haina tukio. Ukurasa wa 58 rudia tendo hilo, makopo mawili na nusu, mkono hausimami. Ukurasa wa 61 usimamishe tena.

Kwa baba, mwezi wenyewe utakusaidia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikaribia kukamilika taa hazivuti samaki na mitumbwi hulala pwani. Siku hizo mvuvi hana pa kukimbilia. Usiku wa giza anafanya kazi mpaka alfajiri na watu wanasema amejikaza; usiku wa mbalamwezi yuko nyumbani, ameamka, anashona wavu ambao haujachanika. Hilo linakurudia kila mwezi bila wewe kulazimisha, na linakupa mwendo wa kwenda na kurudi uliotajwa juu. Ila uwe mwangalifu na mwaka. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo hadithi ya Julai ya mwaka huo haiwezi kuwa na baba aliyeko majini. Na taa: karabai ni za hadithi ya zamani, leo chora taa za betri na sola.

Makosa ya mahali humtoa msomaji nje ya msiba papo hapo. Kigoma jua halichomozi ziwani. Linatoka nyuma ya vilima na kuzama upande wa Kongo, kwa hiyo ile picha ya asubuhi mpya yenye jua juu ya maji ni uongo hapa. Milima ya Kongo huonekana wazi mvua ikishapiga. Mwezi wa nane mara nyingi hupotea ndani ya moshi na ukungu wa kiangazi. Huo ni utajiri kwa mchoraji: miezi ambayo ng'ambo haionekani, na asubuhi moja inaonekana, bila mtu yeyote kuizungumzia. Stesheni ya Wajerumani na meli ya Liemba ziache kwenye kalenda, isipokuwa mtu wa hadithi yako ana safari.

Kuhusu maneno ya watu. Huhitaji mtu mbaya. Waandike majirani kama wanavyosema kweli: "Jikaze." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Waliosema walikuwa na nia njema, na mchoro uonyeshe hivyo: uso wa jirani uwe wa huruma, lakini kiputo chake cha maneno kifunike nusu ya uso wa mama. Pia jibu la mama liwe lile linalojibiwa siku zote, "Tumeshapoa," kwa herufi ndogo kuliko za wengine. Baba apewe fremu ambayo watu wanampa mkono na kumuuliza, "Mama watoto anaendeleaje?" na hakuna anayemuuliza yeye.

Sasa vifaa. Chora kwenye A4 kwa kitabu kitakachochapwa A5. Mchoro utapungua hadi asilimia 71 hivi, maana yake mstari wa milimita 0.3 utakuwa 0.2, na herufi ya milimita 4 itashuka chini ya 3. Usiandike herufi ndogo kuliko hiyo 4. Maneno yetu ni marefu, na hapo ndipo viputo huharibika: "hawakutuambia" inakula upana ambao mtu alikuwa ameutengea maneno matatu. Kwa hiyo andika maneno kwanza kwa penseli, kisha zungushia kiputo, kipana kuliko kirefu, mistari isiyozidi minne. Ukilazimika kukata neno, kata mwisho wa silabi. Maneno 20 kwa kiputo na 90 kwa ukurasa ni kiwango cha juu. Kurasa za uchungu ziwe na pungufu sana ya hapo.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hujikunja ikiguswa na maji. Tafuta manila ya gramu 160 au zaidi yenye uso laini. Wino uwe wa kudumu, na uujaribu kabla: chora mstari, subiri saa moja, pitisha brashi yenye maji. Ukichuruzika, usiutumie, kalamu nyingi za jeli hushindwa hapa. Kwa vivuli, andaa vichupa vitatu, kila kimoja na kijiko cha chakula cha maji: matone 2 ya wino, matone 5, matone 12. Vivuli vitatu vinatosha kitabu kizima na vinakuzuia kubuni kijivu kipya kila ukurasa. Kiangazi mstari hukauka kwa nusu saa. Masika upe saa mbili, la sivyo kivuli kitaburuza wino.

Rangi moja ya ziada inatosha, kwa mfano ile nyekundu ya mawese. Itumie kwa mtoto kwenye kurasa 8 za mwanzo. Baadaye, badala ya kuirudisha ghafla siku mama anapocheka, iweke kidogo kidogo kwenye vitu: doa mezani, pindo la khanga, kamba ya wavu. Watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman waliandika mwaka 1996 kwamba wafiwa wengi hawaukati uhusiano na marehemu, wanaubeba kwa sura nyingine. Rangi inaweza kulisema hilo bila kiputo hata kimoja.

Ukurasa mzito uweke kushoto, yaani wenye namba shufwa, ili msomaji aukute akishafungua. Ukiuweka kulia jicho litauona kabla hajamaliza wa kushoto, na habari ya kifo itakuwa imevuja.

Ukizungumza na wazazi waliofiwa ili upate mambo ya kweli, usiende kabla ya arobaini, wala usiende na kinasa sauti mkononi siku ya kwanza. Uliza juu ya vitu: nguo ziko wapi, daftari la shule nani analo, kitanda kilifanywaje. Swali la "ulijisikiaje" huleta majibu ya kanisani na msikitini. Swali la daftari huleta saa mbili za mazungumzo. Kisha badilisha jina, umri, mtaa na namba ya mtumbwi, kwa sababu Ujiji na Kibirizi mtumbwi hutambulika kuliko sura. Kabla ya wino, warudishie kurasa za penseli wazione, na ukurasa watakaokataa utoke hata kama ni mzuri kuliko zote. Uchungu ule ni wao.

Kwa uchapaji, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 ili kitabu kiweze kushonwa kwa pini. Acha milimita 15 upande wa mshono na milimita 3 za kukatwa pembeni. Skani kurasa zenye vivuli kwa 300 dpi (nukta kwa inchi), za mistari mitupu kwa 600. Kama skana hakuna, piga picha kwa simu kivulini saa nne asubuhi, karatasi imebandikwa ukutani, bila flashi. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kabla ya kulipia nakala zote, dai nakala moja kutoka mashine ileile na karatasi ileile. Kivuli cha matone 2 ndicho hupotea kwanza, na cha matone 12 hugeuka weusi mtupu. Ukiona hivyo, kiongeze cha kwanza na upunguze cha mwisho kwenye kompyuta, kisha dai nakala nyingine.