Ripoti inaleta wateja wote baada ya kusasisha React Query Builder

SWALI: Habari za kazi. Watumiaji wa mfumo wetu wa ripoti hujenga masharti yao kwenye skrini kwa React Query Builder, yaani komponenti (kipande cha ukurasa) ya kuundia vichujio. Hoja zao tunazihifadhi kama JSONB (aina ya data ya JSON) ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, na seva huzigeuza kuwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa kitendaji chake cha formatQuery. Tumepanda toleo kuu linalofuata, na papo hapo tukazima autoSelectField (mpangilio unaojichagulia safu wenyewe) ili kisanduku cha kuchagua safu kianze kikiwa kitupu. Sasa baadhi ya ripoti za wadaiwa zinaleta wateja wote. Seva haitoi kosa lolote. Turudi toleo la zamani?

JIBU: Msirudi bado. Kwa maelezo yako, cha kushukiwa kwanza ni hiyo autoSelectField kabla ya toleo lenyewe.

Ukiizima, sharti ambalo mtumiaji hajalichagulia safu huhifadhiwa likiwa na alama ya ~ mahali pa jina la safu. formatQuery ikikutana na alama hiyo hulipita sharti zima kimyakimya. Hoja ya "tawi ni Mwanza na [sharti tupu]" inabaki "tawi ni Mwanza" tu, na wateja wote wa tawi hilo wanaingia. Likiwa ndilo sharti pekee, mahali pake panawekwa (1 = 1), ambayo ni kweli kwa kila rekodi. Hifadhidata haina cha kulalamikia, maana SQL iliyoipokea ni halali kabisa.

Hatari zaidi ni kundi la masharti lililobaki tupu na kuunganishwa kwa "or". Matokeo yake ni hivi:

(deni > 0 or (1 = 1))

Hapo kichujio kizima kimekufa. Kwa "and" kundi hilo hilo lisingedhuru, ndiyo maana ripoti nyingine zenu zinaonekana salama. Masharti mengine yanayorukwa hivyo ni "between" yenye thamani moja na "in" yenye orodha tupu.

Anzeni kwa kuzitafuta hoja zilizoathirika:

select id from ripoti where hoja::text like '%"~"%' or hoja::text like '%"rules": []%';

Nafasi baada ya nukta mbili iacheni kama ilivyo, kwani ndivyo JSONB inavyoandikwa ikigeuzwa kuwa maandishi. Hoja mtakazozipata zirudisheni kwa wenyewe wazikamilishe. Msizikisie, kwa sababu ni mtumiaji tu anayejua alikusudia safu gani.

Kisha zibeni njia. Wengi hukimbilia kubadili fallbackExpression, yaani ile (1 = 1) inayowekwa mahali pa kundi tupu, iwe (1 = 0). Inasaidia kundi likiwa tupu, lakini sharti lililorukwa ndani ya kundi lenye masharti mengine hailigusi. Kumpa formatQuery kitendaji cha validator (cha kukagua masharti) nako hakutoshi, kwa kuwa sharti lisilofaa linaondolewa tu na hoja inaendelea na safari. Ukaguzi ufanyike peke yake kwenye seva, kabla ya kuhifadhi na tena kabla ya kutekeleza: pitieni mti wote wa JSON, na mkikuta alama ya ~, kundi tupu, au safu isiyo kwenye orodha mnayoiruhusu, ikataeni hoja nzima kwa ujumbe unaotaja sharti lenye kasoro. Orodha hiyo ya safu ni ya lazima hata mkitumia muundo wa "parameterized", unaotuma thamani kando na SQL kama vigezo, kwa sababu vigezo hulinda thamani tu. Majina ya safu huingia moja kwa moja ndani ya SQL.

Sasa toleo lenyewe. Komponenti ya aina hii isipimwe kwa macho kwenye skrini. Ipimwe kwa SQL inayoitoa. Kwenye tawi la Git lenye toleo la zamani, pitisheni hoja zote zilizohifadhiwa katika formatQuery na muandike matokeo kwenye faili, hoja moja kwa mstari, ikitanguliwa na id yake. Fanyeni vivyo hivyo kwa toleo jipya, kisha linganisheni kwa diff. Tofauti za mabano na nafasi zitakuwepo. Kila tofauti nyingine ielezwe kabla ya kupandisha.

Angalieni pia mpangilio wa parseNumbers. Ikiwashwa, namba ya simu 0712 na tarakimu zinazofuata inageuzwa kuwa namba na sifuri ya mwanzo inapotea. Ikifika ndani ya SQL kama namba isiyo na alama za nukuu, PostgreSQL itagoma kulinganisha safu ya maandishi na namba kamili. MySQL haitagoma, ila itaacha kutumia indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) ya safu hiyo, na ripoti itakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Kwa namba za simu na vitambulisho, mimi huiacha imezimwa.

Mwisho, endesheni npm ls react-querybuilder, amri inayoorodhesha matoleo yaliyosakinishwa. Vifurushi vya @react-querybuilder, mfano dnd au material, hutolewa pamoja na komponenti kuu kwa namba moja ya toleo, hivyo visiachane. Mkiona nakala mbili, sawazisheni namba zote kwenye package.json, wekeni package-lock.json ndani ya Git, na kwenye seva tumieni npm ci, inayosakinisha matoleo yaliyoandikwa humo tu, badala ya npm install.